Kufundisha Mabadiliko Yaliyomo Ndani ya Metali: Aloi Zinazorudia Umbo na Uchovu Wake

Mada ya hali za maada hufundishwa katika shule nyingi kwa njia moja. Mwalimu huandika ubaoni maneno yabisi, kimiminika na gesi. Huonyesha barafu ikiyeyuka na maji yakichemka. Wanafunzi hunakili, na somo huishia hapo. Mtoto huondoka darasani akiamini kwamba kitu yabisi, maadamu hakijayeyuka, hakitokewi na jambo lolote ndani yake.

Imani hiyo si sahihi, na hasara yake si ya mtihani tu. Mtoto huyo hupita penye kiwanda cha mhunzi akaona panga jekundu likichovywa majini, asijue ni kwa nini. Huendesha baiskeli ambayo ekseli yake imeanza kuingia ufa, asidhani kwamba chuma kilichobeba mzigo jana na juzi chaweza kukatika leo chini ya mzigo ule ule. Amekariri majina ya hali tatu, lakini hakufundishwa kujiuliza ndani ya kitu mnatokea nini.

Madhumuni ya makala haya ni matatu. Kwanza, kumweleza mwalimu jinsi metali inavyoweza kubadilika ndani ikiwa bado yabisi. Pili, kueleza kwa nini aloi fulani zikikunjwa kisha zikapashwa joto hurudi katika umbo lake la awali, na kwa nini nazo huchoka. Tatu, kuonyesha jinsi mambo hayo yanavyoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa waya, sindano na uwanja wa shule, pasipo maabara.

1. Yabisi yaweza kubadilika bila kuyeyuka

Metali imejengwa kwa atomu zilizopangwa safu kwa safu, kwa utaratibu unaojirudia. Mpangilio huo si wa milele. Chuma kitupu, kwa mfano, katika joto la kawaida kina mpangilio wa aina moja. Kikipashwa hadi nyuzi 912 za sentigredi, atomu zake hujipanga upya kwa namna nyingine, ilhali chuma bado ni yabisi. Kiwango cha kuyeyuka, ambacho ni nyuzi 1538, kingali mbali sana.

Mhunzi hutumia mabadiliko hayo hata kama hayajui kwa jina. Chuma cha pua ni chuma chenye kaboni kidogo. Kikiwa chekundu, mpangilio wa atomu zake una nafasi ya kuipokea kaboni hiyo. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hupata muda wa kutoka na kukaa kando, na chuma huwa laini. Kikichovywa majini ghafula, kaboni hunaswa ndani kabla ya kutoka. Mpangilio mpya huumbika kwa kulazimishwa, ukiwa umebanwa kila upande. Kwa hiyo chuma huwa kigumu mno, lakini chepesi kuvunjika. Mpangilio huo wa kubanwa huitwa martensiti, kwa jina la Adolf Martens, Mjerumani aliyechunguza metali kwa hadubini katika karne ya 19. Ule wa joto huitwa austeniti, kwa heshima ya Mwingereza William Roberts-Austen.

Jambo hili laweza kuonyeshwa kwa sindano tatu za kushonea. Ya kwanza ipashwe kwenye mkaa hadi iwe nyekundu, kisha iachwe ipoe taratibu: itapindika bila kuvunjika. Ya pili ipashwe vivyo hivyo, kisha itumbukizwe majini: ukijaribu kuipinda, itakatika. Ya tatu itumbukizwe majini kama ya pili, isuguliwe hadi ing'ae, kisha ipashwe tena kidogo mpaka uso wake ugeuke rangi ya buluu: itapindika kidogo na kurudi kama springi. Sindano hizo zimetoka katika pakiti moja na hakuna iliyoyeyuka. Kilichozitofautisha ni mpangilio wa ndani tu.

2. Aloi inayorudia umbo lake

Chuma cha pua kilichochovywa hakiwezi kurudia umbo la awali kwa kupashwa joto, kwa kuwa joto likipanda kaboni iliyonaswa huanza kutoka na mpangilio wenyewe huharibika. Lakini ziko aloi ambazo hubadilika kutoka austeniti kwenda martensiti na kurudi, bila atomu yoyote kuhama jirani zake. Mwanzo wa habari hizi uko katika aloi ya dhahabu na kadmiamu, ambayo Arne Ölander wa Sweden aliieleza mwaka 1932. Mwaka 1951, L. C. Chang na T. A. Read wa Marekani walionyesha kwamba aloi hiyo hurudia umbo ikipashwa joto.

Aloi iliyopata umaarufu zaidi ni ile ya nikeli na titaniamu iliyochunguzwa na William Buehler, pamoja na Frederick Wang, katika maabara ya silaha za jeshi la majini la Marekani kule White Oak, Maryland, kuanzia mwaka 1959. Iliitwa nitinoli, jina lililotokana na alama za metali hizo mbili na herufi za kwanza za jina la maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kipande cha nitinoli kilichokunjwakunjwa kilipitishwa mkononi katika mkutano wa wakuu wa maabara. Shabaha ilikuwa kuonyesha kwamba aloi hii haivunjiki upesi ikipindwa mara nyingi. Mmoja wao, David Muzzey, akakipasha kwa kiberiti cha kuwashia kiko, na mbele ya macho yao kile kipande kikajinyoosha.

Ni nini kilichotokea? Hapa ndipo walimu wengi wangeshindwa, kwa sababu atomu hazionekani. Basi tuwatoe wanafunzi uwanjani.

Wapange wanafunzi 16 katika safu nne za watu wanne, kila mmoja akiwa hatua moja kutoka kwa mwenzake, mbele na pembeni. Huo ni mraba, nao ndio mpangilio wa joto, yaani austeniti. Sasa waambie: "Baridi imeingia." Safu ya pili isogee nusu hatua kulia, ya tatu ibaki mahali pake, ya nne isogee nusu hatua kulia. Ndani ya kundi mambo yamebadilika, kwani hakuna tena mistari iliyonyooka kutoka mbele hadi nyuma. Lakini ukitazama kwa mbali, kundi bado limesimama pale pale. Hiyo ni martensiti iliyopoa bila kusukumwa: mialo inapokezana, umbo la nje halibadiliki.

Kisha sema: "Sasa aloi inapindwa." Safu ya pili ibaki nusu hatua kulia, ya tatu iende hatua moja, ya nne iende hatua moja na nusu. Mraba umelala upande. Umbo la nje limebadilika kweli kweli, ila kila mwanafunzi bado anamjua aliyekuwa mbele yake, maana safu yoyote haikuachana na ile ya mbele yake kwa zaidi ya nusu hatua. Piga filimbi: "Joto!" Kila mmoja anarudi mbele ya jirani yake, na mraba unasimama tena. Hapana aliyehitaji kukumbuka kitu. Alihitaji tu jirani yake asimpotee.

Linganisha na waya wa kawaida. Panga mraba upya, kisha safu ya tatu na ya nne zisogee pamoja hatua moja nzima kulia. Umbo la nje limepinda. Lakini kila mmoja katika safu ya tatu sasa amesimama sawasawa nyuma ya jirani mpya, isipokuwa wa pembeni kabisa, na mpangilio wa ndani ni mraba ule ule. Piga filimbi ya joto: hakuna wa kusogea, kwa kuwa hakuna anayejiona yuko mahali pabaya. Ndiyo maana msumari uliopinda haunyooki kwa kupashwa moto. Atomu zake zimeteleza, nazo zimeridhika na majirani wapya.

Mwalimu akiuelewa mchezo huu, sehemu kubwa ya mada ameimaliza. Yaliyobaki ni vipimo. Nitinoli ina takriban nusu ya atomu za nikeli na nusu za titaniamu, na uwiano huo ukibadilika kidogo sana, joto la kugeuka hubadilika kwa nyuzi nyingi. Kwa hiyo mtengenezaji aweza kuchagua aloi itakayogeuka katika maji ya uvuguvugu au katika maji yanayokaribia kuchemka. Nitinoli yaweza kunyooshwa kwa kiasi cha asilimia 8 ya urefu wake na bado ikarudi. Metali nyingi za kawaida hazivumilii hata asilimia 1 bila kubaki zimepinda.

3. Waya unaofanya kazi

Aloi inayojivuta yenyewe ikipata joto yaweza kufanya kazi ya msuli. Waya wa nitinoli hunyooshwa na mzigo au springi ukiwa wa baridi. Umeme ukipita ndani yake, waya hupata joto, hujifupisha na kuvuta. Umeme ukikatwa, waya hupoa na springi huunyoosha tena. Waya wenye unene wa robo milimita tu waweza kuvuta mzigo unaokaribia kilo moja. Hauna mota wala gia, na haupigi kelele. Upungufu wake ni kwamba hupoa polepole, kwa hiyo hauwezi kwenda mbio.

Mwaka 1997, gari dogo la Sojourner lililopelekwa na Marekani katika sayari ya Mirihi lilikuwa na waya wa namna hii uliosogeza kioo kilichofunika kipande cha kupokea nishati ya jua, ili kupima vumbi linalotua juu yake. Waya za nitinoli hutumiwa na madaktari wa meno kunyoosha meno yaliyopinda. Mirija midogo ya aloi hiyo huwekwa ndani ya mishipa ya damu iliyosinyaa ili kuitanua.

4. Uchovu wa metali

Kazi hizo zote zina sharti moja: kitu kile kile kirudiwe mara nyingi. Hapo ndipo linapokuja suala la uchovu. Katikati ya karne ya 19, ekseli za magari ya moshi ya Ulaya zilikuwa zikikatika ghafula ingawa mzigo haukuzidi. Mjerumani August Wöhler alizipima kwa miaka mingi, akathibitisha kwamba metali yaweza kuvunjwa na mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha, na kwamba kadiri mzigo unavyopungua ndivyo idadi ya marudio inavyoongezeka. Mwaka 1954, ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilisambaratika hewani kwa sababu hiyo: mwili wa ndege ulikuwa umevimba na kusinyaa katika kila safari, mpaka ufa ukapata nguvu.

Aloi inayorudia umbo huchoka kwa njia mbili, na yafaa mwalimu azitenganishe.

Njia ya kwanza ni ya kuvunjika, kama metali nyingine. Ufa huanzia penye mkwaruzo, au penye chembe ngeni iliyobaki ndani wakati wa kuyeyusha, hasa misombo ya oksijeni na kaboni. Kisha hukua kidogo kidogo katika kila mzunguko.

Njia ya pili ni ya kupoteza kazi. Waya haujakatika, ila haujivuti tena kama zamani. Turudi uwanjani. Wanafunzi wakigeuka kwa baridi na joto mara mia, wachache watakosea nafasi na kusimama nyuma ya jirani asiye wao. Kila kosa ni dogo, lakini filimbi haiwezi kulirekebisha. Makosa yakijikusanya, mraba unaorudi si ule wa kwanza. Vivyo hivyo atomu chache huteleza katika kila mzunguko. Waya hurefuka kidogo usirudi kamili, na hata joto lake la kugeuka huhama.

Kosa hilo hutokea hasa mpakani. Aloi haigeuki yote kwa mara moja. Kuna wakati upande mmoja ni austeniti na wa pili ni martensiti. Waambie wanafunzi washikane mikono, kisha nusu ya kundi igeuke na nusu ibaki. Walio mpakani ndio watakaonyooshwa mikono hadi iume. Mipangilio miwili isipolingana vizuri mpakani, mvutano huwa mkubwa, na atomu za hapo huteleza. Dalili yake ni kwamba njia ya kwenda si ya kurudi: nitinoli ya kawaida hupaswa kupoa nyuzi 20 hadi 40 hivi chini ya joto lililoigeuza ndipo igeuke tena.

Kutokana na maelezo hayo, njia za kuongeza uvumilivu zaeleweka zenyewe. Ya kwanza ni kuudai waya kidogo. Makadirio yanayotumiwa na mafundi ni kwamba nitinoli ikinyooshwa asilimia 8 itegemewe kwa mara moja tu. Asilimia 4 kwa mara 100 hivi. Asilimia 2 kwa mara 10,000. Na asilimia 1 kwa mara 100,000 na zaidi. Ya pili ni kusafisha aloi ili chembe ngeni zipungue na kuung'arisha uso wa waya. Ya tatu ni kuuzoeza waya kwa mizunguko kadhaa kabla ya kuutia kazini, ili mabadiliko makubwa ya mwanzo yaishe. Ya nne ni kutafuta aloi ambayo mipangilio yake miwili inalingana mpakani. Mwaka 2015, watafiti wa Kiel, Ujerumani, na Maryland, Marekani, walitangaza utando mwembamba wa titaniamu, nikeli na shaba nyekundu uliostahimili mizunguko milioni 10 bila kupoteza kazi yake.

5. Hatua za somo

Somo lipewe vipindi viwili, wanafunzi wakiwa katika makundi ya watu wanne au watano.

Hatua ya kwanza: kukisia. Mwalimu awape kila kundi vipande sita vya waya wa kufungia nondo, vya urefu mmoja na kutoka bunda moja. Aulize: waya ukipindwa upande huu na huu mpaka usimame wima, utakatika baada ya mara ngapi? Na ukipindwa nusu ya hapo? Makisio yaandikwe kabla ya kuanza.

Hatua ya pili: kupima. Vipande vitatu vipindwe pembe mraba kila upande, na vitatu vipindwe nusu ya pembe hiyo. Mmoja apinde, mmoja ahesabu, mmoja aandike. Watafute wastani wa kila aina. Aghalabu watoto hukisia kwamba ukipunguza pembe kwa nusu, hesabu itaongezeka maradufu. Wataona kwamba huongezeka kupita hapo, na mshangao huo usiharakishwe. Ndio somo lenyewe.

Hatua ya tatu: kutazama. Waguse kwa uangalifu mahali palipopindwa: pana joto. Watazame kwa kioo cha kukuza kipande kinachokaribia kukatika: pana nyufa. Mwalimu asitaje neno uchovu kabla ya wao kueleza walichokiona kwa maneno yao.

Hatua ya nne: uwanjani, kama ilivyoelezwa, wakianza na waya wa kawaida kisha aloi inayorudia umbo.

Hatua ya tano: hesabu. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, mrija ulio ndani ya mshipa utasukumwa mara ngapi kwa mwaka? Watapata 36,792,000. Kwa miaka kumi ni karibu milioni 368. Ndipo wataelewa kwa nini mirija hiyo hujaribiwa kwa mizunguko inayofikia milioni 400 kabla ya kuruhusiwa kuingia mwilini mwa mtu.

6. Tahadhari

Neno kumbukumbu litumike kwa hadhari. Ni kawaida kusema kwamba aloi hii "inakumbuka" umbo lake, na watoto hulipenda neno hilo. Lakini mtoto akidhani waya una akili, tumemrudisha nyuma. Kila linapotumika, aulizwe: inakumbuka kwa njia gani? Jibu linalotakiwa ni kwamba majirani hawakubadilishana.

Vivyo hivyo neno uchovu. Mtu akichoka hupumzika akapona. Metali iliyochoka haiponi kwa kupumzishwa. Ufa ulioingia katika ekseli wakati wa mavuno hautazibika kwa kuiegesha baiskeli ukutani hadi msimu ujao. Mtoto akiondoka na jambo hili moja, huenda siku moja likamnusuru yeye au abiria wake.

Jaribio la sindano lifanywe na mwalimu peke yake, kwa koleo, wanafunzi wakiwa mbali. Sindano ngumu ifungwe kwa kitambaa kabla ya kuvunjwa, maana kipande kikiruka chaweza kuingia jichoni. Waya zilizokatika zihesabiwe na kukusanywa.

Mwisho, pale ambapo yupo mhunzi karibu, aalikwe shuleni au wanafunzi wapelekwe kwake. Asiletwe kama kichekesho cha kale. Anajua kwa rangi ya chuma joto ambalo sisi hulipima kwa chombo, na anajua ni lini pa kuchovya na ni lini pa kuacha. Kazi ya mwalimu ni kuunganisha ujuzi wa mkono ule na maelezo ya kitabu, ili mtoto asione kwamba sayansi huishi mahali pengine.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini msumari uliopinda haunyooki ukipashwa joto, na waya wa nitinoli hunyooka? Jibu kwa kutumia mchezo wa uwanjani.
2. Toa mifano mitatu ya vifaa vya nyumbani au shuleni vilivyokatika kwa uchovu. Kila kimoja kilikuwa kikirudia mwendo gani?
3. Fundi anataka waya ufanye kazi mara 10,000. Kila mzunguko anaweza kuunyoosha kwa kiasi gani? Waya ukiwa na urefu wa sentimita 50, utasogeza mzigo umbali gani?
4. Andaa maandalio ya somo la kipindi kimoja kuhusu uchovu wa metali kwa shule isiyo na kifaa chochote isipokuwa waya. Eleza utakavyojua kwamba wanafunzi wameelewa, wala hawakukariri.